Somo: Kubaki na watoto wa watu kwa saa chache, tangu mzazi anapoaga hadi anaporudi

Kila msimu wa harusi unapofika hapa Dar es Salaam, maswali yale yale hurudi: nimeachiwa watoto wa jirani tangu alasiri hadi usiku wa manane, wanalia, nifanye nini nao? Nimeyajibu mara nyingi mno, na sasa nimeamua kuyaandika mahali pamoja; atakayeuliza lililokwisha kujibiwa nitamtajia namba ya hatua tu. Somo hili halimhusu dada wa kazi anayeishi na familia, kwa kuwa yeye ana mapatano na mazoea yake. Linamhusu binti wa chuo, shangazi, mpangaji mwenzako au kijana yeyote anayekabidhiwa watoto wakati wenyewe wamekwenda ukumbini. Mimi nina miaka tisa katika shughuli hii, kwanza kwa ndugu, kisha kwa majirani, na sasa kwa malipo.

Hatua ya 1. Fika nusu saa kabla ya mzazi kuondoka, ukiwa umekula na simu yako ikiwa na chaji.

Hatua ya 2. Uliza na uandike kwenye karatasi, si kichwani. Andika namba mbili za simu, kwa sababu ukumbini muziki huwa mkubwa na namba moja haipokelewi. Dawa na vyakula vinavyomdhuru mtoto. Jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua. Na kituo cha afya kilicho karibu. Ongeza swali ambalo wengi hulisahau, nalo ni maneno ya mtoto mwenyewe. Niliwahi kukaa na mtoto wa miaka miwili aliyelia "tata" karibu saa nzima. Nilimpa maji, nikampa ndizi, nikambeba hadi uani kutazama kuku. Kumbe "tata" ni kitenge cha mama yake anachokikumbatia akitaka kulala, nacho kilikuwa kimeanikwa kambani mbele ya macho yetu.

Hatua ya 3. Kagua nyumba ukiwa umepiga magoti, maana ukisimama huoni anachokiona mtoto wa mwaka mmoja. Mwaga maji ya ndoo au funga mlango wa bafu, kwa kuwa mtoto mdogo akitumbukia kichwa hawezi kujiinua, hata kama maji hayafiki robo ya ndoo. Ondoa mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe, kwani yakirudi kooni yanaweza kuingia mapafuni, bali mkimbize hospitali. Tazama zile betri bapa ndogo mfano wa kifungo, ambazo zikimezwa huunguza koo. Jiko la mkaa libaki nje hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na imewaua watu wengi wakiwa usingizini.

Hatua ya 4. Kuaga. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mnivumilie.

Katika mwaka wangu wa pili niliachiwa mtoto wa miaka mitatu na nusu. Mama yake alikuwa amechelewa kwenye sendofu ya mdogo wake, mtoto alishaanza kuling'ang'ania gauni, na mimi, kwa kujiona mjanja, nikamwambia mama apite mlango wa uani wakati namwonyesha mtoto paka dirishani. Mtoto alipogeuka na kuuliza, nikatoa jibu ambalo wengi wetu tuliambiwa utotoni: mama amekwenda dukani kukununulia pipi, anarudi sasa hivi. Akanyamaza, nami nikajipongeza. Niliingia jikoni kupasha uji, na niliporudi sebuleni na kikombe mkononi, hakuwapo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, geti dogo halikufungwa komeo, na kwenye ngazi palikuwa na ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto.

Nilimkuta dukani kwa Mangi, nyumba ya nne kutoka kwao, ng'ambo ya njia wanayopita bodaboda. Alikuwa amekalia kreti la soda, mguu mmoja una ndala na mwingine umejaa vumbi, ametulia kabisa. Hakuwa amepotea. Alikuwa amemfuata mama yake pale pale nilipomwambia yupo. Mangi aliniuliza kama mtoto ni wangu, nikashindwa kujibu. Usiku ule nilimweleza mama yote, bila kupunguza, naye alinisikiliza hadi mwisho, akanilipa, na hakuniita tena.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu, na mzazi asiyeukubali simpokelei mtoto. Mzazi huaga mbele ya mtoto, mara moja, kwa maneno machache, kisha huondoka na harudi kuchungulia. Muda wa kurudi hutajwa kwa lugha ya mtoto: "Ukiamka asubuhi utanikuta kitandani kwangu." Mtoto hupewa kazi ya kufunga geti pamoja nami, akapunga mkono, tukasikia komeo likigonga. Atalia, ndiyo, na mara nyingi kilio hicho hakimalizi robo saa. Kaa naye chini, usimkaripie.

Onyo la kwanza: usiseme mama yuko dukani, chooni wala kwa jirani ikiwa hayupo, kwa kuwa mtoto mwenye miguu atakwenda huko. Onyo la pili: funga komeo la juu kabla hujageuka kushughulikia jambo lingine lolote. Onyo la tatu: usimtishe kwa polisi wala kwa mzee wa gunia, kwani siku atakapopotea kweli, huyo polisi ndiye tutakayetaka amkimbilie.

Hatua ya 5. Mlishe alichoacha mzazi, akiwa ameketi. Karanga nzima na pipi ngumu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, na zabibu zikatwe kwa urefu. Asali isimguse mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na wa chini ya miezi sita hapewi hata maji, isipokuwa kwa maagizo ya daktari. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yakae kwenye friji. Nje ya friji kikomo chake ni saa nne, ila kwa joto letu mimi sifiki huko, na yanayobaki baada ya mtoto kunyonya chupa siyahifadhi.

Hatua ya 6. Michezo. Wengi hufika na simu iliyojaa katuni, na ikiisha chaji, wao nao wameishiwa. Mimi hubeba mfuko wenye vizibo vya soda vilivyooshwa, kamba, gazeti la zamani na chaki, na mfuko huo umenitosha kwa miaka yote hii.

Jua likiwepo, waruke kamba, wacheze rede, au wacheze mdako ikiwa wote wamevuka umri wa kutia mawe mdomoni. Kombolela naipenda, lakini kwangu ni marufuku baada ya magharibi, kwa sababu ni mchezo wa watoto kujificha, nami nina kazi ya kuwahesabu. Ndani ya nyumba hakuna unaoshinda nyama-nyama. Mmoja anaita "Nyama, nyama!" na wengine wanaitikia "Nyama!" Akitaja mnyama anayeliwa, wote wanaruka na kuitikia; akitaja asiyeliwa, anayeruka ametoka. Kubalianeni mapema kuhusu nguruwe. Niliwahi kuwa na watoto wa nyumba mbili za dini tofauti, na mabishano juu ya kitimoto yalidumu kuliko mchezo wenyewe, hadi tukaamua kwa kauli moja kwamba nguruwe asitajwe na mtu yeyote.

Kwa watoto kuanzia miaka mitatu, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji kidogo kidogo hadi unga ushikane kama wa chapati. Hapo wafinyange sufuria, nyoka na wanasesere. Bizari hutoa rangi nzuri ya manjano, na hiyo rangi haitoki kwenye kochi, kwa hiyo kazi yote ifanyike juu ya sinia, sakafuni. Wasiule unga huo, maana chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mwili mdogo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, usijisumbue: sufuria, mwiko na mfuniko vinamtosha, ilimradi wewe unavumilia makelele.

Hatua ya 7. Mlaze kwa saa aliyozoea, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro. Wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, bila mto.

Hatua ya 8. Mzazi akirudi, mweleze alichokula mtoto, alivyolala, na kila alipoanguka, hata kama hakuna alama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpita Njia: Sijasoma lote kwa kuwa ni refu. Kwa kifupi tu, mtoto akimlilia mama anayetaka kutoka, si afadhali mama atoke kimyakimya?

Jibu: Hatua ya 4.

Mama wa Wanne: Mimi nimewatoroka wanangu wote wanne kila nilipokwenda kazini, na leo mmoja yuko chuo kikuu. Naona unatutisha bure.

Jibu: Sikuandika kwamba mtoto anayetorokwa hakui. Niliandika kwamba mmoja alivuka njia ya bodaboda kumtafuta mama yake, na kwamba kosa lilikuwa langu. Zaidi ya hayo, wewe ni mama yao, na uongo wako unaufuta mwenyewe kwa kurudi. Mimi nikimdanganya mtoto wa mtu saa kumi jioni, nina saa nane za kukaa na mtoto asiyeniamini.

Kijana wa Chuo: Asante kwa somo. Jumamosi nitabaki na wawili, wa miaka mitano na minane, na mtaani kwetu umeme hukatika mara kwa mara. Tukiwa gizani nitawafanyia nini ili wasiogope?

Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Kwanza, usiwashe mshumaa palipo na chandarua, tumia tochi. Isimamishe sakafuni ikielekea ukutani na wafundishe vivuli vya mikono. Mbwa ni rahisi: viganja viwili vikikutana, vidole gumba ni masikio na kidole cha mwisho ni taya. Wa miaka minane mwachie kazi ya kusimulia kile ambacho wa miaka mitano anakionyesha ukutani, na hapo hawatagombana. Vivuli vikiwachosha, tegeaneni vitendawili. Anza na vyepesi, kama "Nyumba yangu haina mlango", ambacho ni yai, na "Kuku wangu katagia mibani", ambacho ni nanasi, kisha watunge vyao kutokana na vitu vilivyomo chumbani. Asiyeweza kutegua atoe mji, na ukarimu wako uonekane hapo: wape Zanzibar na Mwanza wakajitawalie. Hadithi iwe ya mwisho, nayo isiwe ya zimwi, kwa sababu wewe utakwenda nyumbani na zimwi litabaki na wazazi wao.

Mgeni Mpya: Mtoto niliyeachiwa amepata homa sasa hivi. Nimpe nusu kidonge?

Jibu: Usimpe. Mpigie mzazi, naye ndiye atakayesema dawa gani na kiasi gani. Akiwa na degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, au akiwa chini ya miezi mitatu na joto limefika nyuzi 38, nenda hospitali huku ukipiga simu. Usikae kusubiri majibu ya hapa.

Binti wa Pwani: Umetaja karanga na zabibu. Je, mtoto akikabwa kweli, mtu afanye nini kabla ya kufika hospitali? Ningependa kujua na sababu.

Jibu: Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kwa kuwa kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, piga kelele za kuomba msaada, mwinamishe mbele, na mpige mara tano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Ikishindikana, na amevuka mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu mara tano. Rudia yote mawili kwa zamu. Wa chini ya mwaka mmoja humbinyi tumbo, kwa sababu ini lake ni rahisi kuumia. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, mgeuze, kisha sukuma katikati ya kifua mara tano. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Akilegea na kuacha kupumua, anza kumfufua kwa kusukuma kifua na kumpulizia pumzi. Ukipata nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza, nenda, kwani mikono hujifunza kwa kufanya.

Mpita Njia: Na akiungua na uji, ile dawa ya meno inasaidia?

Jibu: Haisaidii. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Barafu hapana, yai hapana, dawa ya meno hapana. Kisha mpeleke akatazamwe.

Fundi Maboksi: Naongeza kwenye michezo. Magari ya maboksi yanawashika watoto wa kiume na wa kike saa mbili nzima, ila vizibo vya soda havifai kuwa magurudumu. Vinateleza na kingo zake hukata vidole. Kateni ndala zilizochakaa kwa mduara wa kikombe cha kahawa, gari linakwenda bila kelele hata kwenye vigae.

Binti wa Pwani: Nimejaribu kwa gundi, magurudumu yakabanduka.

Fundi Maboksi: Gundi nyingi hazishiki kwenye ndala. Toboa katikati, pitisha kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, kisha vika kipande kidogo cha ndala kila upande kama kizuizi.

Jibu: Hilo la kukata ncha tafadhali lisirukwe. Kwa wa chini ya miaka mitano, ukataji na utoboaji ufanye wewe mwenyewe, na vile vizuizi vidogo usiviweke kabisa, kwa sababu vinaenea mdomoni. Funga uzi kwenye ncha badala yake. Ndala nazo zichukuliwe kwa ruhusa ya mwenye nyumba, zote mbili zikiwa zimechakaa.