Hesabu Mzunguko Wako Mwenyewe Unapotafuta Mtoto
Wanawake wengi wanaotafuta mtoto huambiwa kwamba yai hupevuka siku ya 14 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi, nao huingojea siku hiyo moja kila mwezi, kisha huvunjika moyo hedhi inaporudi. Kauli hiyo humfaa zaidi mwenye mzunguko wa siku 28, ilhali mzunguko wa kawaida waweza kuwa wa siku 21 hadi 35.

Chukua daftari, uandike tarehe ambayo damu ya hedhi imeanza kutoka sawasawa (matone ya awali hayahesabiwi), ufanye hivyo kwa miezi isiyopungua 3. Kipindi kinachofuata baada ya yai kutoka hakibadiliki sana, kwani kwa wengi huwa siku 14 hivi. Kinachorefuka au kufupika ni kile kilichotangulia, na ndiyo maana hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Aliyeanza hedhi Machi 3 na kuiona tena Aprili 4 ana mzunguko wa siku 32. Akitoa 14 anabaki na 18, yaani yai lilitoka karibu na Machi 20. Kama yeye na mumewe walikutana Machi 16 tu, kwa kuifuata ile siku ya 14, siku zilizo bora ziliwapita.

Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zaweza kudumu hadi siku 5 penye ute mzuri wa mlango wa kizazi. Kwa hiyo zile ziitwazo siku za hatari, ambazo kwako wewe ni za heri, ni 5 kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka kwake. Kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine.

Mimi huuamini ute kuliko kalenda. Ukijipangusa ukaukuta mwangavu, unateleza, na unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, yai liko karibu. Joto la mwili la asubuhi hupanda yai likishatoka, hivyo huthibitisha yaliyopita.

Ukiwa na miaka 35 au zaidi, muoneni daktari baada ya miezi 6 ya kujaribu. Chini ya hapo, baada ya mwaka. Na hedhi ikiwa haitabiriki, msingoje. Nendeni wawili, tafadhali, maana kupima mbegu za mume ni jambo jepesi kuliko vipimo vingi ambavyo mke huzungushwa navyo peke yake.