Sherehe za wengine, mikono ya mtoto

Ukitaka mtoto wa miaka mitatu au minne aelewe kwamba watu husherehekea kwa namna tofauti, usimrundikie sherehe kumi kwa wiki moja. Chagua moja tu, ile inayokaribia kwenye kalenda.

Tuseme ni Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Finyangeni pamoja vitaa vya udongo, maana mikono ikishachafuka maswali huja yenyewe. Mwambie kwa kifupi kwamba Wahindu huwasha taa kushangilia mwanga kulishinda giza, kisha muulize, "Na sisi huwasha taa lini?" Akijibu "umeme ukikatika," lipokee. Ameanza kulinganisha, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Mwaka Mpya wa Kichina unataka karatasi nyekundu na mkasi usio na ncha. Idi ni rahisi zaidi: kateni hilali ya karatasi, halafu jioni mtoke nje mkautafute mwezi wenyewe.

Chunga lugha yako. Usiseme "watu wale zamani walikuwa wakifanya hivi" kana kwamba wametoweka, sema "wanafanya". Vitu vitakatifu, kama sanamu za ibada, usivigeuze kitu cha kuchezea, hata kama vinapendeza kuchora. Kama mnamfahamu mtu anayeisherehekea sikukuu hiyo, muulizeni yeye kwanza, na mtoto awepo akisikiliza.

Kuhusu gundi, unga uliokorogwa na maji unatosha kabisa.