Laptopu inayoamka ndani ya begi: kufuatilia usingizi wa kerneli ya Linux hatua kwa hatua

Mwezi Julai mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tukuyu aliniletea laptopu yake hapa Kabwe, Mbeya. Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa ameifunga kifuniko ikiwa na chaji asilimia 90 hivi, akaitia kwenye begi na kupanda Coaster. Walipofika Isongole, pale baridi ya Uporoto inapowafanya abiria wafunge madirisha yote, akahisi joto mapajani. Kufika Uyole begi lilikuwa la moto, na hapa kwangu mashine haikuwaka mpaka nilipoichomeka kwenye umeme.

"Fundi," akasema, "mimi naifunga, yenyewe inaamka humo humo ndani. Na alama za kidato cha pili nilikuwa sijazisevu."

Alikuwa ameshanunua betri mpya kwa ushauri wa fundi mwingine, na ameshafutiwa Ubuntu (aina ya Linux) na kuwekewa upya. Hela imekwenda, tatizo liko pale pale. Hilo linaniuma, kwa sababu kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoongoza mashine, huandika yenyewe kila inapolala na kila inapoamka, na inakupa hata njia ya kuilaza nusu nusu ili uone inakwama wapi. Huna haja ya kubahatisha kwa pesa ya mteja.

Kwanza, ujue kerneli inashukaje

Ukifunga kifuniko, kerneli haiamui kulala. Inatoa tu taarifa kwamba kifuniko kimefungwa. Anayeamua ni systemd-logind, sehemu ya systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), kwa kufuata mpangilio wa `HandleLidSwitch`, na mwishowe systemd inaandika neno `mem` kwenye faili `/sys/power/state`. Hapo ndipo kerneli inapoanza kushuka ngazi.

Kwanza inamwagia diskini data iliyokuwa inasubiri kwenye memori. Kisha inagandisha programu za mtumiaji, halafu kazi zake yenyewe zinazokubali kugandishwa. Kwa kawaida imejiwekea sekunde 20. Programu moja ikigoma, safari inavunjwa na zote zinaachiwa ziendelee. Baada ya hapo ni zamu ya vifaa. Kila draiva inaitwa ilaze kifaa chake, mtoto kabla ya mzazi: flashi inalala kabla ya kidhibiti cha USB ilikochomekwa, maana kidhibiti kikitangulia, flashi haina wa kuongea naye. Vikishalala vifaa, zinazimwa CPU zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo inayoikabidhi mashine kwa fimwea ya bodi, yaani programu iliyomo ndani ya bodi yenyewe. Kinachobaki na umeme ni memori na vile vifaa vichache vilivyopewa ruhusa ya kuamsha.

Kuamka ni ngazi hizo hizo kwa kupanda. Shika neno *ruhusa*, tutalirudia.

Hatua ya 1: Soma logi kabla ya kugusa kitu

Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilihitaji logi ya uwasho uliopita:

`journalctl -k -b -1 | grep "PM: suspend"`

Utaona mistari ya `suspend entry` na `suspend exit` pamoja na saa zake. Laptopu iliyolala vizuri kutoka Tukuyu hadi Mbeya ingekuwa na `entry` moja asubuhi na `exit` moja inapofunguliwa. Ya mwalimu ilikuwa na jozi 31. Inalala, baada ya sekunde chache inaamka, logind inakuta kifuniko bado kimefungwa, inailaza tena, inaamka tena. Betri haikuwa mbovu hata kidogo.

Kama ungekuta `entry` bila `exit`, basi mashine ililala ikashindwa kuamka, na hilo ni tatizo jingine. Linashughulikiwa kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Inalala usingizi gani?

`cat /sys/power/mem_sleep`

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. `deep` ni ule usingizi niliouelezea, ambao wenye ACPI (kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta) wanauita S3. `s2idle` ni mwepesi: kerneli inalaza vifaa, lakini haikabidhi mashine kwa fimwea, CPU zinakaa tu katika hali ya chini kabisa ya kutofanya kazi, zikisubiri kugutushwa.

Mashine ikikupa yote mawili, mimi huchagua `deep`, kwa huku kwetu umeme unapokatika na hujui utarudi lini. Ongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli), kisha `sudo update-grub`. Ikikupa `s2idle` peke yake, usilazimishe. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina tena S3 kwenye fimwea yake. Angalia tu kama BIOS ina chaguo la aina ya usingizi, kisha endelea.

Hatua ya 3: Ilaze nusu nusu

Hii ni kwa mashine isiyolala au isiyoamka. Ingia root (mtumiaji mkuu) kwa `sudo -i` (ukiandika `sudo echo` na alama ya `>` utakataliwa, kwa kuwa faili linafunguliwa na ganda lako (shell), si na sudo). Kisha:

`echo freezer > /sys/power/pm_test`
`echo mem > /sys/power/state`

Kerneli itagandisha programu, itasubiri sekunde 5, itaziachia. Ikirudi salama, badilisha `freezer` iwe `devices`, halafu `platform`, halafu `processors`, halafu `core`. Panda kwa mpangilio huo bila kuruka (kama usingizi ni `s2idle`, ishia `platform`; mbili za mwisho zitakataliwa). Ngazi inayokwama ndiyo yenye ugonjwa.

Ikikwama `freezer`, tafuta kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli) maneno `refusing to freeze`; jina la programu liko hapo hapo chini. Mara nyingi ni folda ya mtandao iliyoachwa wazi wakati waifai imekatika. Ikikwama `devices`, soma `/sys/power/suspend_stats/last_failed_dev`. Kwenye mashine za mitumba ninazopokea, mshukiwa wangu wa kwanza ni draiva ya waifai: itoe kwa `modprobe -r`, jaribu tena, uone kama inapita.

Ukimaliza, rudisha `echo none > /sys/power/pm_test`. Usipofanya hivyo, mteja atafunga kifuniko na mashine itaamka baada ya sekunde 5 kila mara mpaka aiwashe upya.

Kuna pia `pm_trace`, ya mashine inayoganda kabisa wakati wa kuamka. Inaandika alama kwenye saa ya bodi, kwa kuwa hapo ndipo alama inaweza kubaki mashine ikizimwa kwa nguvu na kuwashwa tena. Maana yake ni kwamba tarehe itavurugika. Iache iwe ya mwisho.

Hatua ya 4: Nani anaiamsha?

Hapa ndipo nilipotumia usiku mzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

`cat /proc/acpi/wakeup`

Safu ya kwanza ni jina fupi la kifaa, ya pili ni usingizi wa kina zaidi ambao kifaa kinaweza kuiamsha mashine kutoka humo, ya tatu ni `enabled` au `disabled`, ya nne ni anwani. Kwa mwalimu zilizokuwa `enabled` ni tatu: `LID`, `PWRB` na `XHC`. Mbili za kwanza ni kifuniko na kitufe cha kuwashia. Hizo ni milango halali, usiziguse. `XHC` ni kidhibiti cha USB, na mstari wake ulimalizikia na `pci:0000:00:14.0`.

Kuna faili jingine, `/sys/power/pm_wakeup_irq`, linalotoa namba ya katizo (ishara inayoigutusha CPU) lililoamsha, ambayo unaitafuta kwenye `/proc/interrupts`. Kwenye usingizi wa `deep` mara nyingi utapata 9, yaani `acpi`, na hiyo inakwambia tu kwamba fimwea ilibisha hodi. Haisemi nani aliibishia yenyewe. Lisome, lakini usilitegemee.

Nikaangalia pembeni ya laptopu. Kwenye tundu la USB kulikuwa na kile kidude kidogo cha mausi isiyo na waya, na mausi yenyewe ilikuwa ndani ya begi lile lile, swichi yake ya chini ikiwa imewashwa. Vidude vingi vya aina hii hujitambulisha kama mausi na kibodi kwa pamoja, na kerneli huipa kibodi ya USB ruhusa ya kuamsha bila kuulizwa. Kwa hiyo kila kona ya Kiwira na kila tuta, mausi ilitikisika na kerneli ikaamini kuna mtu anataka kufanya kazi.

Nikaandika skripti ndogo kwenye `/usr/lib/systemd/system-sleep/`, folda ambayo systemd huipitia kila mara kabla ya kulala na baada ya kuamka:

`if [ "$1" = pre ]; then echo XHC > /proc/acpi/wakeup; fi`

Nikailaza mashine mezani, nikasogeza mausi. Kimya. Nikafurahi. Nikaiamsha, nikailaza tena ili nipate uhakika: ikaamka. Mara ya tatu, kimya. Mara ya nne, ikaamka. Nilibadilisha tundu la USB, nikatoa betri ya mausi nikaweka nyingine, nikashusha kerneli ya zamani, nikarudi BIOS. Saa nane usiku nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni: kulaza mara moja, kisha kusoma faili, kulaza, kusoma faili.

`XHC S3 *disabled`
`XHC S3 *enabled`
`XHC S3 *disabled`

Kuandika jina kwenye `/proc/acpi/wakeup` hakuzimi kifaa. *Kunageuza*. Kilichowashwa kinazimika, kilichozimika kinawaka. Skripti yangu ilikuwa inafunga mlango usingizi mmoja na kuufungua unaofuata. Maelekezo mengi niliyokutana nayo yanampa msomaji amri hiyo hiyo bila kumwonya, na ukiijaribu mara moja tu utaapa kwamba inafanya kazi.

Tumia anwani ya kifaa, ambako unaandika hali unayoitaka na inabaki hiyo hata ukirudia mara mia:

`#!/bin/sh`
`if [ "$1" = pre ]; then`
`echo disabled > /sys/bus/pci/devices/0000:00:14.0/power/wakeup`
`fi`

Anwani uisome kwenye mashine yako, usinakili yangu. Faili lipe ruhusa kwa `chmod +x`; lisipokuwa nayo systemd italiruka bila kukuambia neno.

Unaweza kuzima kidude cha mausi peke yake chini ya `/sys/bus/usb/devices/`. Mimi sipendi, kwa sababu jina la folda hutokana na tundu kilipochomekwa. Mwalimu akikihamishia upande wa pili, anarudi kule kule. Kuzima kidhibiti kizima kunamnyima jambo moja tu, kuamsha mashine kwa kibodi au mausi ya USB. Kifuniko na kitufe vinabaki.

Programu za kutunza betri zinazojisifu kufanya haya kwa kubonyeza mara moja sizipendekezi. Zinagusa mafaili haya haya bila kukuonyesha, na siku mambo yakiharibika utakuwa na wawili wa kuwachunguza.

Hatua ya 5: Pima

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now`
`rtcwake -m mem -s 3600`

Ya kwanza inaonyesha chaji iliyopo. Ya pili inailaza mashine na kuiamsha yenyewe baada ya saa moja. Soma namba ya chaji tena, itoe kwenye ile ya kwanza. Kwenye baadhi ya mashine faili linaitwa `charge_now`. Wakati imelala niliiweka ndani ya begi pamoja na mausi, nikamwomba kijana wa dukani alizungushe mpaka Mwanjelwa na kurudi. Kwenye logi: `entry` moja, `exit` moja.

Kuhusu umeme kukatika

Usingizi wa `deep` unaitunza kazi kwenye memori, na memori inataka umeme. Betri ikiisha, kazi imepotea. Kwa anayekaa siku mbili bila umeme, kilicho salama ni hibernate, ambayo huandika memori diskini na kuzima mashine kabisa. Inahitaji swapu (nafasi ya diski inayosaidia memori) ya kutosha na `resume=` kwenye mstari wa kerneli, na Secure Boot (ulinzi wa fimwea wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, Ubuntu itaikataa. Kwa mwalimu sikuiweka. Nilimwonyesha kusevu kwanza, kisha kufunga kifuniko, na kuzima swichi ya mausi. Jumatatu iliyofuata alipiga simu akiwa stendi ya Uyole: "Ndaga (asante), fundi. Nimeligusa begi, ni la baridi."