Chips Bila Kiazi, Sambusa Bila Unga: Jikoni kwa Mama Chips

Nimeuza chips mwitu, zile za kibandani, South B hapa Nairobi kwa miaka tisa. Karai moja, kabati la kioo lenye balbu ya kuzipasha joto, chupa ya siki iliyotobolewa kifuniko, na foleni ya vijana kila saa moja jioni. Kiazi nakijua kwa kukishika: hiki ni Shangi kilichochimbwa juzi, hiki kimekaa stoo, kitashika rangi nyeusi kabla hakijaiva. Kwa hivyo daktari alipopima damu yangu akaniambia sukari imepanda na nipunguze wanga, nilikuwa na swali moja tu. "Hata chips?" Akacheka. "Hasa chips, mama."

Wiki ya kwanza nilikula sukuma na mayai huku nimenuna. Ya pili nikarudi kwenye karai. Nilikuja kutambua kwamba hamu yangu haikuwa ya kiazi chenyewe. Nilitaka kitu cha moto, chenye chumvi na siki, kinacholia mdomoni, nikichovye kwenye pilipili kwa vidole. Hayo yanapatikana bila kiazi. Shida ni maji.

Kiazi kibichi kina takriban gramu 17 za wanga katika kila gramu 100, na wanga huo ndio hukauka ukawa ganda. Tanipu, ule mzizi mweupe wa jamii ya figili, ina kama gramu 6, koliflawa 5, lakini hizo zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ukizitumbukiza zilivyo, mafuta yanapoa na mboga inachemka badala ya kukaangika. Kojeti zangu za kwanza zilitoka hivyo. Mzee wangu aliinua moja, ikaning'inia kama kamba ya kiatu. "Hii umekaanga ama umeosha?"

Jambo moja kabla sijawasha gesi: kama unajidunga insulini au unameza tembe za sukari, zungumza na daktari wako kwanza. Kipimo cha dawa kilichokufaa ukila ugali kinaweza kukushusha sukari vibaya siku unayokula mabawa ya kuku peke yake.

Tuanze na chips. Tanipu mimi hununua soko la City Park kule Parklands, kwa sababu mitaani kwetu hazionekani kila siku. Chagua ndogo, kama ngumi ya mtoto. Kubwa huwa na nyuzi na uchungu. Zimenye, usione huruma na ganda, uzikate unene wa kidole. Zichemshe kwa maji ya chumvi dakika nne au tano, mpaka ncha ya kisu iingie kwa shida kidogo. Zimwage kwenye kichujio, kisha zitandaze juu ya taulo safi, zisilaliane, uziache nusu saa. Nusu saa kweli. Wengi huharibu hapa kwa haraka.

Kukaanga ni mara mbili, kama nilivyokuwa nikifanya kibandani. Mara ya kwanza moto wa wastani: chomeka ncha ya mwiko wa mbao kwenye mafuta, viputo vitoke vidogo na bila pupa. Tia kiasi cha kiganja kimoja tu kwa mara. Baada ya dakika sita au saba zitakuwa zimesinyaa, kingo zimegeuka manjano hafifu, na zitaonekana hazina maana. Usikate tamaa. Zitoe, zipumzike dakika kumi, mvuke utoke. Ndipo uongeze moto mpaka mwiko ule ule utoe viputo vingi vya kasi, uzirudishe dakika mbili au tatu. Zikishika rangi ya kahawia, toa. Chumvi weka mwisho kabisa, kwa sababu chumvi huvuta maji. Siki pia mezani, sio kwenye sufuria.

Je, ni kiazi? Hapana. Anayekuambia huwezi kutofautisha anakuuzia kitu. Ndani ni laini zaidi, na kuna ukali kidogo unaofanana na figili. Zitalia mdomoni kwa dakika kumi tu, kwa hivyo mlaji akae mezani kabla hujatoa karai motoni.

Kuku ni rahisi. Wengi hudhani utamu uko kwenye unga wa ngano, na unga huo ni zaidi ya gramu 70 za wanga kwa kila 100. Mabawa yana ngozi, na ngozi ikikauka haihitaji msaada. Kilo moja ya mabawa ifute maji vizuri, changanya na vijiko viwili vya chai vya beking poda, kimoja cha chumvi, na pilipili manga. Yapange kwenye waya juu ya sinia, yalale ndani ya friji bila kufunikwa usiku mzima. Kesho yake yaoke kwa oveni ya nyuzi 220 kama dakika 45, uyageuze mara moja. Poda hiyo ndiyo huisaidia ngozi kukauka na kushika rangi. Lakini soma kopo: ukitia magadi ya kuokea kwa kiasi hicho hicho, utakula sabuni. Binti yangu hutumia eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa hewa moto, na kazi yake inaisha mapema, ila haimezi kilo nzima.

Sasa sambusa, ambayo imenisumbua kuliko vyote. Nilijaribu majani ya kabichi nikapata kitu kitamu ambacho si sambusa. Nikajaribu jibini, mfuko ukalia. Nikaishia kwenye yai.

Piga mayai manne na vijiko viwili vya mezani vya maji, chumvi kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha isabgol, yale maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya viungo ya Ngara. Acha dakika tano yavimbe. Isabgol ndiyo hufanya manda yakunjike bila kupasuka, na wanga wake karibu wote ni nyuzi. Paka kikaango kidogo mafuta kwa brashi, moto mdogo, mimina yai jembamba kadiri uwezavyo, funika kidogo. Sehemu ya juu ikiacha kung'aa, toa. Usigeuze na usingoje rangi. Utapata karibu manda sita, na kila moja ukiikata katikati unapata nusu mbili.

Nyama ya kusaga nusu kilo iweke kwenye kikaango kikavu. Hapa tumia masikio. Mwanzoni utasikia inachemka, bubu-bubu, kwa sababu inatoa maji. Endelea kukoroga. Ghafla sauti inabadilika, inaanza kuchachatika kwa mafuta yake yenyewe. Kabla ya sauti hiyo usitie chochote. Baada yake tia kitunguu kidogo, tangawizi, pilipili mbichi na binzari nyembamba. Ukiepua, changanya dania na ndimu, kisha acha ipoe kabisa. Nyama ya moto hutoa mvuke, na mvuke hulainisha manda.

Kunja nusu duara iwe pembe, upande uliokuwa chini kwenye kikaango ukae nje, jaza, ubandike kwa yai bichi. Usizamishe kwenye mafuta mengi: yai hufura na pembe ikafunguka, nikapoteza nyama yote siku moja nikiwa na wageni sebuleni. Mafuta ya kufunika tako la kikaango yanatosha. Anza na upande uliobandikwa, dakika mbili, geuza. Kingo zitalia, katikati itabaki laini.

Bhajia nitaongea kwa ufupi kwa sababu hapo watu hujidanganya. Rafiki yangu aliacha chips akahamia bhajia kwa kuwa dengu ni "protini". Protini ipo, nyuzi zipo, lakini unga wa dengu una zaidi ya gramu 50 za wanga kwa 100, na ndani umekiweka kiazi kile kile. Mwingine alikimbilia muhogo, ambao wanga wake ni zaidi ya mara mbili ya kiazi. Ukitaka bhajia, chukua koliflawa, ipike kwa mvuke dakika nne, ikaushe, chovya kwenye yai, viringisha kwenye karanga mbichi zilizosagwa na manjano, chumvi na dania kavu. Moto wa wastani, na usiondoke jikoni. Karanga huungua ukigeuka kujibu simu.

Smokie, zile soseji za moshi, sipiki kabla sijasoma pakiti. Nyingi zina wanga wa kujazia. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, nakula kwa fundi ninayemjua, na nimemuuliza kama anatia unga.

Kuna kitu kilichonichelewesha miezi miwili: sosi nyekundu. Nilikuwa napika tanipu kwa bidii zote hizo, kisha naimwagia sukari ya chupa. Sosi ya nyanya ya dukani huweza kuwa na robo nzima ya uzito wake kuwa wanga, na sehemu kubwa ni sukari. Sasa nasaga nyanya mbili zilizochomwa, pilipili, kitunguu saumu, siki na chumvi. Kachumbari nayo haina kosa.

Vikibaki, mabawa hulala kwenye friji siku mbili, ukayarudisha kwenye oveni. Sambusa za yai zipashe kwenye kikaango kikavu, na usizigandishe, zikiyeyuka zinatoa maji. Tanipu hazibaki. Kaanga za kutosha walio mezani.