Kutumia listi ya kubloke kwa Bluesky na Mastodon (mitandao ya kijamii)
Hapa Goma mapigano ikianza tu, matusi ya kikabila na mapicha ya zamani inajaa mu simu, ukibloke mutu moja moja utachoka na mega zitaisha. Kwa Bluesky fungua listi ya majina ya kubloke yenye mwingine alitengeneza, soma majina kwanza (kuko wenye wanatia mule hata mutu wanagombana naye tu), kisha chagua: kunyamazisha hakuna mwenye ataona, kubloke inaonekana na kila mutu. Mwenye listi akiongeza jina kesho, na kwako inaingia.

Kwa Mastodon listi iko mu faili ya CSV (faili ya kawaida ya majina yamepangwa kwa mistari), unaiingiza mu mipangilio, chagua kuunganisha, juu kubadilisha yote itafuta zile ulikuwa nazo. Kubloke seva nzima (kompyuta moja yenye inabeba akaunti za watu wengi) ni kali sana, wafuasi wako wa kule wanatoka wote.