Namna ya kuitazama Evergreen bila kuizima katikati

Ukiifuata hadithi peke yake, filamu hii ya Kiingereza ya mwaka 1934 itakushinda mapema. Kwa hiyo nakupa hadithi kabisa, uachane nayo. Harriet Green, kipenzi cha majukwaa ya London enzi za Mfalme Edward wa Saba, anatoroka kwa sababu kuna mtu anatishia kufichua kwamba ana mtoto. Miaka inapita. Bintiye, hana kazi, anapandishwa jukwaani kana kwamba ndiye mama mwenyewe, bibi ambaye uzee umemkwepa! Kijana anayempenda inambidi ajifanye mwanawe. Mwigizaji Jessie Matthews ndiye mama, ndiye binti. Usiulize maswali.

Vaa spika za masikioni. Sauti ya filamu za wakati ule ni nyembamba, na kwenye spika ya simu maneno ya nyimbo humezwa.

Sasa subiri wimbo wa “Dancing on the Ceiling”, wa watunzi wa Kimarekani Rodgers na Hart, uliotoka kwenye onyesho la jukwaani la 1930. Hapa usisinzie. Wapenzi hawa hadharani ni mama na mwana, hawawezi hata kushikana mikono, hivyo binti anayatoa mapenzi yake kwa kucheza peke yake ndani ya nyumba. Mapenzi yote ya filamu yako kwenye dansi hii. Mazungumzo ni ya kuunganishia tu. Tazama miguu kwanza. Halafu irudie uangalie mabega na mikono: utaona jazi imo ndani ya mwili uliofunzwa baleti.

Jazi hiyo ina mwenyewe. Mtunzi wa dansi ni Buddy Bradley, Mmarekani Mweusi aliyewafundisha nyota wa New York hatua zao huku jina lake likiachwa nje ya vipeperushi. London ililiandika. Basi majina yanayopita mwanzoni mwa filamu usiyaruke. Litafute la kwake.

Wimbo mwingine, “Over My Shoulder”, ni wa Harry Woods, nao utakuganda siku nzima, jiandae.

Vichekesho vya Sonnie Hale unaweza kuvipeleka mbele, mimi huvipeleka. Anacheza mwongozaji wa maonyesho, na mpenzi wa binti anachezwa na Barry Mackay. Ila wakati ule mume wa Jessie nyumbani alikuwa Sonnie. Jaribu kutolikumbuka hilo Barry anapomkumbatia.