Rivolva ya polisi ya Smith & Wesson .38: soma skrubu na namba kwanza

Rivolva hii, iitwayo Military & Police, ilianza kutengenezwa 1899, na kwa macho zote zinafanana. Fungua silinda, hakikisha matundu yote sita ni matupu, kisha hesabu skrubu. Nne upande wa kulia na ya tano mbele ya upinde wa triga ni toleo la zamani. Ya juu upande wa kulia iliondolewa katikati ya miaka ya 1950, ya mbele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usihesabu haraka, moja huweza kujificha chini ya ubao wa mpini.

Namba ya silaha isome chini ya mpini. Wengi hukosea hapa: huandika ile iliyo kwenye mkono unaoshikilia silinda inapofunguliwa, ambayo mara nyingi ni ya kuunganishia kiwandani tu.

Herufi V mbele ya namba ni ya Vita vya Pili, 1942–45. Zilizopelekwa Uingereza zilitumia risasi ya .38 S&W; baadaye matundu ya silinda ya nyingi yalichimbwa ziingize .38 Special, risasi ndefu zaidi lakini nyembamba kidogo. Hilo ni jambo la hatari: tundu ni pana mno, ganda huvimba au kupasuka.